Shika Ncha

Shuka za nyumba ya wageni zilikuwa bado na joto la pasi wakati Kimya, kama walivyomwita nyumbani, alipozifunga furushi na kujitwika. Sabuni ilikuwa imepanda bei tena, na mama yake, aliyefulia watu kwa malipo, alimwonya asimcheleweshee mteja mzigo wake. Lakini leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuchagua lugha ya kusomea katika chuo cha ualimu, basi akapitia huko kwanza.

"Nikuandikie Kichina," dada karani alisema bila kuinua uso. "Huko wote mnaanza sifuri. Kifaransa lazima usailiwe kwa kuongea, na wewe hata salamu yako nimeisikia kwa shida. Mwalimu mwenye haya hivyo atafundisha nani, kuta?"

Kimya alikitaka Kifaransa. Alikichota uani kwa Shangazi, mpangaji mwenzao aliyetoka ng'ambo ya mpaka. Kila asubuhi walikunja shuka pamoja wakitaniana kwa lugha hiyo mpaka mbavu ziume.

"Kifaransa," alinong'ona.

Msaili, mzee wa suti iliyochakaa aliyeketi meza ya pembeni, akamuuliza jina lake kwa Kifaransa. Ulimi ukaganda. Akauliza tena. Kimya akarudi nyuma, akajikwaa, furushi likaanguka na shuka moja ikatambaa sakafuni.

"Mungu wangu, za watu!" Akaiokota, akatafuta wa kushika upande wa pili. Aliyekuwa karibu ni msaili. Akamtia ncha mkononi, na mikono ilipoanza kazi, ulimi nao ukafunguka, kwa Kifaransa: vuta, si hivyo, baba, nyoosha, kwani hujala leo? Mzee akajibu kwa lugha hiyohiyo kwamba kweli hajala, mshahara umechelewa. Basi vuta kwa njaa hiyo, Kimya akamwambia, sasa njoo. Wakakutana katikati, ncha kwa ncha, mzee akicheka mpaka miwani ikateleza.

Ndipo Kimya alipokumbuka yuko wapi. Akaziba mdomo.

"Mwandikie," mzee akamwambia karani, akipangusa machozi.

Karani akagonga muhuri shingo upande. "Haya. Ila walimu wa Kifaransa hawaajiriwi siku hizi. Utamaliza chuo, utarudi kwenye shuka zako."

Kimya alimtazama. Shuka nyingine mbili zilikuwa zimekunjuka pale chini.

"Basi nitafundishia hukohuko," alisema, na sauti yake ikafika mlangoni. "Simama, dada. Shika ncha."

Karani akasimama.