Stendi ya Mguu Mmoja

Fundi wa kamera alikuwa amemaliza lenzi tatu na ameinamia ya nne, akiipuliza vumbi kwa kipira cha mkono, pale mpwa wake, binti mpiga picha, aliposema kwamba kesho atakwenda na ile fupi.

"Fupi ipi?"

"Hiyo uliyoshika. Na stendi ya mguu mmoja."

Fundi hakuinua kichwa. Hakuwa mtu wa kushika kitu cha pili kabla hajaweka chini cha kwanza. Alipuliza mpaka kioo kikawa safi, akarudisha kifuniko, akailaza lenzi kwenye kitambaa cheusi, ndipo akamtazama.

"Wiki nzima tunazungumzia ndefu."

Ile ndefu ilikuwa katikati ya meza, nene kama chupa ya chai, nzito kama mtoto wa miezi mitatu. Ingemweka binti ng'ambo ya uwanja, nyuma ya ukuta wa matairi, na bado ingemletea pikipiki mpaka puani.

"Nimebadili mawazo, mjomba. Nitasimama kona ya tatu, pale uzio ulipoachana."

"Hatua ngapi kutoka njiani?"

"Mbili."

Hesabu haikumwingia fundi. Stendi ile kazi yake ni kubeba uzito wa lenzi ndefu, mkono usichoke. Lenzi fupi unaishika kwa vidole kama kikombe. Ukiifungia fimbo umejifunga mwenyewe, maana pikipiki ikikupita hatua mbili inabidi ugeuke nayo kiuno kizima. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza asingeomba vitu hivyo pamoja. Na huyu alikuwa na miaka tisa kwenye mashindano ya pikipiki.

Aliichukua stendi, akaivuta pingili zote nne mpaka ikampita kichwa, akaigeuza. Chini palibaki ncha tupu ya chuma.

"Mpira wake uko wapi?"

"Ulitoka wenyewe."

"Haukutoka. Umeng'olewa kwa koleo, meno yake haya hapa." Alipitisha ukucha kwenye mikwaruzo. "Mwanangu, unataka kumchomekea mtu fimbo hii kwenye gurudumu."

Binti alikuwa akikaza mkanda wa kamera. Hakuacha.

"La mbele," alisema, kama mtu anayetaja namba ya viatu vyake.

Fundi hakuhitaji kuuliza la nani. Mwaka jana, katika kona hiyohiyo ya tatu, mdogo wake binti huyu alikuwa anaongoza. Nyuma yake alikuwa mwendeshaji ambaye uwanja mzima humwita Kisigino, kwa vile akikaribia kona huuacha mguu wa ndani uning'inie nje kuliko wenzake. Waliingia bega kwa bega. Fundi alikuwa jukwaani. Aliona pikipiki ya kijana ikisimama juu ya gurudumu la mbele, ikamrusha, ikamfuata hewani na kumwangukia, kisha ikamkokota juu ya lami mpaka kwenye matairi. Mnyororo ulimkata mguu chini ya goti. Kiatu kilibaki katikati ya njia, kimesimama wima, na waliokuwa nyuma wakawa wanakikwepa.

Waamuzi walisema kijana alishika breki vibaya. Dada yake alisema Kisigino aliupiga teke mkono wa breki. Akapeleka picha aliyoipiga sekunde ileile, na picha yenyewe ndiyo iliyomwangusha. Alikuwa amepiga kwa kasi ndogo, moja ya sitini ya sekunde, akiifagia kamera sambamba na pikipiki ili magurudumu yaonekane yakizunguka na watazamaji nyuma wageuke mistari ya rangi. Picha za namna hiyo magazeti huzigombea. Mguu wa Kisigino ulitoka kama moshi. Ungeweza kuwa kwenye breki, ungeweza kuwa hewani. Waamuzi wakampa mpaka mbio za mwisho za msimu huu, yaani kesho: alete picha isiyo na ukungu, inayoonyesha mguu ule ukimfanyia mtu jambo hilo, la sivyo faili lifungwe.

Na aliyemfundisha kufagia polepole vile alikuwa mjomba wake. Hilo hawakuwahi kulizungumza.

"Wewe ulimwona akipiga teke?" fundi aliuliza.

"Nilikuwa nimebandika jicho kwenye kamera!"

"Ndicho ninachokuuliza." Alimchukulia kamera mkononi, akaielekeza kwake bila lenzi, akabonyeza. Kioo kidogo cha ndani kiliruka juu, kikarudi. "Ikipiga, kioo kinainuka na tundu linaingia giza. Ulichokipiga ndicho usichokiona. Uliona kabla, ukaona baada. Teke hukuliona, mwanangu. Hata mimi sikuliona."

"Kwa hiyo unamtetea."

"Simtetei. Sijui. Ndiyo maana nikasema ndefu."

Binti alifungua mdomo kumjibu, lakini mlango ulisukumwa bila hodi. Aliyeingia alikuwa na nguo za mazoezi bado, vumbi la uwanja mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee," alisema Kisigino, na bila kungoja jibu akamgeukia binti. "Shemeji! Nasikia unanichagulia lenzi. Nipige upande wa kushoto, huko ndiko ninakofanana na mama."

"Toka."

"Mwaka mzima unatafuta mguu wangu kwenye picha. Kwa nini ujisumbue?" Alinyanyua buti, lile lenye bamba la chuma chini ya wayo, akaliweka mezani. "Huu hapa. Utazame mpaka ushibe."

Buti lilikuwa juu ya lenzi ndefu. Akakandamiza. Chuma kilitoa mlio mwembamba, kama panya aliyebanwa na mlango.

Binti hakupiga kelele. Aliishika stendi kwa mikono miwili na kuizungusha kwenye goti la mguu uliobaki sakafuni. Kisigino alianguka juu ya meza, lenzi zikaporomoka. Pigo la pili lilimpata mbavuni, akahema kama mpira uliotobolewa. La tatu begani, na hapo stendi ikakunjika. Kabla ya la nne, Kisigino alishamkamata binti nywele. Akamgonga uso mezani. Akamwinua, akamgonga tena. Damu iliruka kwenye kitambaa cheusi ambako haikuonekana, na kwenye karatasi nyeupe za kufutia lenzi ambako ilionekana sana. Jino lilibingirika kati ya skrubu.

Fundi hakuwahi kumpiga mtu tangu awe mtu mzima. Alichukua kilichokuwa karibu, chuma cha kulehemu, ambacho kilikuwa moto tangu asubuhi, akakilaza juu ya mkono ulioshika nywele, na hakukiondoa mpaka harufu ilipompanda puani. Kisigino alipiga ukelele, vidole vikaachia.

"Mzee, una wazimu!"

"Nenda ukaumwagie maji," fundi alisema, kwa sauti ileile anayowaambia wateja wasifungue kamera penye vumbi. Chuma kilikuwa bado mkononi.

Kisigino alirudi nyuma akichechemea, amekumbatia kifundo cha mkono. Mlangoni alisimama. Dhihaka ilikuwa imemtoka.

"Mdogo wako alinifungia njia! Muulizeni mwenyewe nani alianza!"

Akaondoka. Binti alitaka kumfuata na ile stendi iliyopinda, damu ikimtiririka kidevuni, ila mjomba wake alikuwa ameshajaza mlango.

"Nipishe."

"Sikupishi."

Alimsukuma kifuani, akampiga ngumi. Fundi alizipokea zote. Zilipokwisha, alimpa kitambaa safi.

"Umesikia alichosema?" binti aliuliza, maneno yakipitia pengo jipya. "Amekiri."

"Nimesikia. Sijui amekiri nini. Twende ukashonwe mdomo."

"Lenzi kwanza."

Fundi aliichukua ile ndefu, akaielekeza dirishani, akachungulia mbele na nyuma. "Vioo vizima. Pete ya kufungia ndiyo imepinda." Aliibana pete kwenye jiliwa, pamba pande zote mbili, akakaza robo mzunguko, akangoja. "Nikiilazimisha leo itakatika. Inarudi kidogo kidogo."

Lenzi fupi ilikuwa imebingirika chini ya kiti, haina hata mkwaruzo. Kesho ingefanya kazi bila tatizo. Binti aliiokota. Aliigeuza kiganjani mara kadhaa. Mwishowe akaifuta damu, akaenda kuirudisha kabatini mwenyewe.

"Na ndefu nitaibeba na nini, stendi imekufa?"

"Utailaza juu ya matairi. Nitakushonea mfuko wa mchanga."

"Kasi gani?"

"Moja ya elfu mbili. Mguu utasimama kama umechongwa."

"Na kama kesho haugusi kitu?"

Fundi aliokota jino kati ya skrubu, akalifunga kwenye karatasi ya kufutia lenzi, akampa.

"Utakuwa umeuona," alisema. Alikaza jiliwa robo nyingine, akaipima pete kwa rula. Bado ilikuwa imepinda upana wa ukucha. Akazima chuma cha kulehemu, akachukua funguo. "Twende hospitali. Kesho njoo saa kumi na mbili asubuhi, tuimalizie."