Mkwe Hakemewi

Maroa alikuwa fundi wa bodi za malori kule Isebania, na kutu haikuwahi kumshinda. Lori likiletwa limechakaa, alilikwangua mpaka chuma king'ae, ndipo apake rangi. Kwa hiyo mkewe Lorine alipomwambia kwamba mashua ya baba yake huko Mbita imejaa rangi mbovu upande wa chini, alicheka.

"Hiyo ni kazi ya siku mbili," akasema, akatia grainda, mashine yake ya kukwangulia, mkobani na kushika njia.

Mzee Javan, baba mkwe wake, alikuwa na haraka. Presha ya macho ilikuwa imekwisha kumla jicho moja, na daktari wa Homa Bay alimwambia kwamba la pili huenda lisifike Pasaka. Alitaka jambo moja tu: ashike usukani mwenyewe, atweke tanga, aende kisiwa cha Takawiri alikozaliwa, akakione wakati bado anaona. Lakini rangi ya miaka ishirini, tabaka juu ya tabaka, ilikuwa imebabuka na kunasa majani ya ziwa, hata mashua ikawa nzito kama ng'ombe mwenye mimba.

Hiyo ilikuwa Januari. Vijana wa ufukoni waliivuta nchi kavu wakaipindua, Maroa akavuta waya wa stima kutoka kibanda cha samaki, akaanza. Vumbi jekundu likaruka, kisha la kijani, kisha jeupe, mpaka mbao zikabaki uchi. Kwenye maungio ya mbao alikuta pamba nyeusi iliyoganda kwa lami. Akaichokoa yote kwa bisibisi akidhani ni uchafu, tena alipiga mluzi akiitoa.

Mzee alikuwa kwenye kigoda, hatua chache kutoka hapo.

"Ora," akaita, maana Wajaluo humwita mkwe hivyo. "Hiyo pamba ni baba yangu aliweka."

"Kumbe! Imekaa sana, Mzee. Usijali, nimetoa yote."

Mkwe hakemewi. Mtu aliyekuletea ng'ombe na anayemlisha binti yako humwinulii sauti. Unapitisha neno kando, na mwenye masikio atalichukua. Maroa mwenyewe ni Mkuria, na kwao pia wakwe huheshimiana, ila yeye alidhani heshima hiyo ni ya salamu na sahani tu. Ya grainda hakuifikiria.

Kesho yake akapigiwa simu: lori la mteja limeanguka, anahitajika Isebania. Akaiacha mashua juani.

"Watu wengine hapa hufunika boti na gunia zimeloa," mzee akasema polepole, akitazama ziwa.

"Wacha wajisumbue, Mzee. Ikauke vizuri ndio rangi ishike."

Akaondoka. Mzee angeweza kuifunika mwenyewe, lakini kurekebisha kazi ya mkwe akiwa amekupa mgongo ni kumtukana mbele ya ufuko mzima. Kila asubuhi alikuja, akaipapasa mashua yake, akarudi nyumbani.

Maroa alirejea baada ya wiki tatu na madebe ya rangi ya buluu. Alipaka mara mbili, na haki ya Mungu ilipendeza. Wakaisukuma majini. Kabla mzee hajamaliza kukunja suruali, maji yalikuwa yanabubujika ndani kwa kila ungio, na mashua ikakaa chini kwenye matope.

Maxwell, fundi wa maboti, aliitwa. Aliingiza ukucha kati ya mbao mbili, ukazama.

"Nani alitoa pamba? Ndio huzuia maji. Na hii mbao imekaukia juani mpaka ikapasuka. Hapa ni miezi miwili, hata zaidi."

Maroa akampigia Lorine. "Mbona baba yako hakuniambia?"

"Alikuambia, Baba Byron," Lorine akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Mara mbili. Ulitaka akupigie kelele, na wewe ni mkwe?"

Simu ilipokatika aliketi kwenye mawe akalia, mtu mzima, wachuuzi wa dagaa wa omena wakimtazama. Kuuliza si ujinga, na yeye hakuuliza hata swali moja.

Pasaka ikaja, ikapita. Maxwell alipomaliza kuiziba mashua na Maroa kuipaka rangi upya, mzee alitembea hadi ufukoni akishikwa mkono. Alipitisha kiganja ubavuni mwa mashua, mbele hadi nyuma.

"Laini sana, ora. Umefanya kazi. Ni rangi gani?"

"Buluu, Mzee."

"Buluu ni nzuri."

Laiti angemtukana! Maroa angelipokea tusi hilo kwa mikono miwili.

Wakatweka tanga. Mzee alishika usukani, akiusoma upepo kwa mashavu yake, na Maroa akakaa kando yake kumwambia penye miamba. Mashua ilikwenda vizuri, nyepesi. Saa ya pili tangu watoke, Javan akainua uso.

"Harufu ya Takawiri hii. Ukiona boma letu, uniambie."

Maroa alitazama. Paa za mabati zilikuwa nyingi mlimani, zote sawa machoni pake. Hakuwahi kufika huko. Aliona haya kusema hajui.

"Naliona, Mzee."

Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Januari, akamsogelea mkwewe.

"Liko aje?"