Mkono Ndani ya Rundo la Korosho

Mama Lukmani anasema Alhamisi alimwona mwalimu Humphrey uani kwetu, amepiga magoti, mkono wa kulia umezama mpaka kiwiko ndani ya rundo letu la korosho, macho kayafumba, anatabasamu. Haibi, anasema, maana mwizi hatabasamu. Alikuwa anaongea na kitu kilichomo humo. Aliyasimulia hayo kwenye foleni ya maji, na nilipofika na ndoo yangu wanawake wakanitazama kama mimi ndiye niliyekizika hicho kitu.

"We Dorika, huyo mpangaji wenu wa Bukoba ana nini?"

"Alikuwa anasikiliza joto, Mama Lukmani."

"Haya! Joto nalo siku hizi lina mdomo."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini ndicho hasa alichokuwa anafanya.

Tangu biashara ya korosho iachiwe watu binafsi, mimi na mama tunakaanga nyumbani, tunabangua, tunauza stendi. Unazikaanga kwenye pipa lililokatwa, mafuta ya maganda yanashika moto, unazimwaga chini na kuzifunika mchanga. Kisha unangoja. Ukiwa na haraka zinakubabua vidole. Ndiyo maana mkono wangu umejua kupima: nikiuingiza kwenye rundo najua kama ni mkaango mmoja au miwili iliyochanganywa.

Mwalimu anafundisha fizikia sekondari. Siku moja aliniona napima, akaniuliza ninatafuta nini. Nilipomweleza, akavuta kigoda, akaniambia jambo ambalo sikulisikia mpaka namaliza darasa la saba: kwamba mbingu ina joto. Si la jua. Ni dogo mno, limepakana na baridi yenyewe, lakini wataalamu wakielekeza vyombo vyao upande wowote wanalikuta lilelile.

"Limetoka wapi?"

"Hapo ndipo tunapogombana," akasema. "Wengi wanasema zamani ulimwengu wote ulikuwa moto mmoja, ukatanuka, ukapoa, na hilo ndilo joto lililobaki. Mimi nasema ulimwengu haukuwa na mwanzo. Nyota zinawaka tangu na tangu, vumbi lililo katikati yake linameza mwanga, linapata moto, linatoa joto. Mioto mingi, Dorika. Si mmoja."

Alikuwa ameyaandika hayo kurasa arobaini, kazi ya miaka mitatu. Jumamosi angezituma Dar es Salaam kwa basi la saa nane linalopitia Masasi, kwa profesa mmoja wa chuo kikuu aliyesema atamtafutia nafasi huko kazi hiyo ikionekana ina mashiko. Kilichomsumbua kilikuwa kimoja: mioto mingi itatoaje joto lililo sawa kotekote, lisilo na doa hata moja?

"Si tujaribu kwa korosho," nikasema.

Alhamisi nikakaanga mara tatu, nikachanganya, nikafunika mchanga. Nikapima. Hapa moto, pale vuguvugu. Uso ukamshuka.

"Subiri, mwalimu."

Nikatwanga kisamvu, nikafagia ua. Alasiri nikapima tena: sawa kotekote. Nikampisha, naye akapiga magoti, akazamisha mkono. Ndipo Mama Lukmani alipochungulia.

Jumamosi mama alitaka korosho nyingi za stendi. Nikakaanga tangu asubuhi, kila mkaango nikiumwaga juu ya mwenzake, na kila mara nikitia mkono. Ilipokaribia saa nane kuna kitu kilikuwa kinaniwasha kichwani. Nikaenda mlangoni kwake.

"Hodi, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba, Dorika." Alikuwa ameshavaa shati la safari ya stendi, bahasha mkononi.

"Zile nyota zako, zimeshamaliza kuwaka?"

"Hapana. Zinawaka mpaka sasa."

"Mimi Alhamisi niliacha kukaanga."

Akaishusha bahasha.

"Leo sijaacha," nikasema. "Na joto halitulii. Kila nikimwaga mkaango mpya, doa."

"Vumbi la huko ni jingi kuliko mchanga wako. Na muda ni mrefu mno."

"Huenda. Vumbi la huko mimi silijui."

Akatoka mpaka uani, akakunja mkono wa shati, akautia kwenye rundo. Akauchomoa upesi, akapuliza vidole. Akautia tena, pembeni kidogo, akautuliza hapo.

"Leo kinasemaje, mwalimu?" Mama Lukmani aliuliza kutoka nyuma ya ua wa mabua.

Honi ya basi ikalia stendi.

"Mwalimu, humo ndani umeandika lile la Alhamisi?"

"Nimeliandika."

"Naomba uandike na la leo."

Bahasha ilikuwa bado haijafungwa. Honi ikalia mara ya pili, ndefu. Mwalimu hakugeuka. Alikuwa amechuchumaa, bahasha ameilaza juu ya magoti, mkono wake unasogea polepole ndani ya rundo, kutoka penye moto kwenda penye vuguvugu, na kurudi.