Sentimita Thelathini na Sita

Ukutani jikoni nilikuwa na kalenda mbili. Moja ilikuwa ya cheti cha kutibu, kile kinachomruhusu muuguzi kumpima mgonjwa na kumwandikia dawa bila kumsubiri daktari. Nyingine ilikuwa ya cheti cha ukunga. Watu waliniambia nimalize kimoja kwanza. Sikuwa na muda huo. Kliniki ya Randburg nilikofanya kazi ilitaka muuguzi mkuu kuanzia Januari 2013, mwenye vyeti vyote viwili, nami nilichoka kupokea amri kutoka kwa wasichana niliowafundisha kuchoma sindano.

Kalenda ya kwanza ilibaki na mtihani mmoja: Ijumaa, tarehe kumi na sita Novemba, saa nane mchana. Ya pili ilibaki na mama mmoja. Mkunga mwanafunzi hupewa kitabu, na sehemu moja humtaka amfuate mama yule yule tangu mimba mpaka mtoto azaliwe, huku akiandika kila kipimo. Nilimchagua Candide, Mrundi mwenzangu huku ugenini, msusi wa mtaa wa Jeppestown.

"Utajifungua lini?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Katikati ya Desemba, Mama Inès, Mungu akipenda."

Mtihani Novemba, mtoto Desemba. Nani angepanga vizuri zaidi?

Jumamosi moja ya Oktoba alilala kwenye godoro nyuma ya pazia la saluni, nikampima tumbo. Utepe ulisema sentimita thelathini na sita. Wakati huo wa mimba, sentimita hukaribiana na wiki. Kwa tarehe aliyonipa, zilipaswa kuwa thelathini na mbili.

"Candide, ni Desemba kweli?"

"Ni Desemba."

"Usiniletee mambo ya nyumbani."

"Égide ni mrefu, dada. Mtoto kamfuata baba yake."

Kwetu mwezi wa kujifungua hausemwi. Unausogeza mbele, ili kama kuna jicho baya, lisubiri kwenye mlango usio wenyewe. Mimi nilifanya hivyo nilipokuwa na mimba ya binti yangu Inès; mama mkwe alifika kutoka mkoa wa Ngozi akamkuta mtoto tayari anacheka. Kwa hiyo nilijua. Lakini Desemba ilinifaa. Nikajiambia utepe umelegea kwa uzee, nikaandika thelathini na mbili.

Asubuhi ya mtihani, saa kumi na mbili, simu ililia. Alikuwa Égide, mume wa Candide, anapiga kutoka lindo lake mtaa wa Kensington.

"Mama Inès, Candide kanipigia. Maji yametoka."

"Tangu saa ngapi?"

"Sijui! Mimi ni mlinzi!"

Nilimwamsha jirani yangu Gustave, fundi wa magari, tukamchukua Candide kumpeleka hospitali. Robot zote, zile taa za barabarani, zilikuwa nyekundu, na Gustave, anayezipita siku zote, siku hiyo aliamua kuziheshimu.

"Usinigombeze, dada," Candide alisema kutoka kiti cha nyuma.

"Sijaanza."

"Nilificha mwezi."

"Najua. Pumua."

Mtoto alizaliwa saa sita na nusu mchana, msichana, kilo tatu na nusu, sauti ya mpiga debe. Nilimpokea kwa mikono yangu. Aliyenisimamia alikuwa Sista Dikeledi, mkunga wa wodi, ambaye saini yake ndiyo niliyoihitaji. Alifungua kitabu changu huku akicheka.

"Eish! Kitabu kinasema amewahi wiki nne. Huyu alikuwa anakula nini humo ndani?"

Kisha akaacha kucheka. Kalamu ilisimama juu ya mstari wa saini.

"Mama alikudanganya tarehe?"

Candide aligeukia ukuta. Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano. Neno moja tu lilitosha: ndiyo. Tena lilikuwa kweli. Saini, teksi, mtihani, Januari.

"Alificha mwezi," nilisema. "Lakini utepe haukuficha. Ulisoma thelathini na sita. Mimi ndiye niliyeandika thelathini na mbili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilitaka Desemba."

Alifunua ukurasa wa Oktoba.

"Kama wangekuwa pacha? Kama ni maji mengi tumboni? Ungejuaje?"

"Nisingejua."

Alichora mstari ukurasa mzima, juu hadi chini, akaandika 36 pembeni, akaniamuru niweke jina langu chini yake.

"Mama mwingine. Tangu mwanzo."

"Sista, tangu mwanzo ni miezi."

"Najua kuhesabu. Wewe je?"

Nilikimbia. Nilibadili teksi kituo cha Noord, nikaingia chumba cha mtihani dakika kumi kabla hawajafunga mlango kwa wachelewaji, mikono inanuka sabuni ya hospitali. Niliandika mpaka msimamizi akaivuta karatasi. Nilifaulu, si kwa wingi.

Nafasi ya Randburg alipewa Fiona, muuguzi mgeni mwenye vyeti viwili na mwandiko mbaya. Nilimwonyesha glavu zinakaa wapi.

Candide alinisuka bure, akinivuta nywele mpaka machozi.

"Ungesema tu kwamba nilikudanganya," alisema.

"Ulinidanganya."

"Basi?"

"Basi vuta polepole."

Februari, Agnès, muuza vitenge, alilala kwenye godoro lile lile. Nilikuwa na kitabu kipya na utepe mpya.

"Mama Inès, mimi niko mwezi wa tano, kwa hiyo nitajifungua..."

"Nyamaza kwanza," nilimwambia, nikaunyoosha utepe.