Marehemu wa Chumba cha Pongo

Polikarpi Kahigi alipojenga gesti yake pale Nkwenda mwaka 1986, watu walidhani matofali yamemwishia. Alikuwa na uwezo wa kujenga kama wenzake, lakini aliagiza magogo ya mkaratusi, akayalaza moja juu ya jingine na magome yake, akaziba nyufa kwa udongo. Mama mmoja muuza ndizi alipita akampa pole. Polikarpi akamweleza kwamba huko duniani matajiri hulala ndani ya magogo kwa kupenda wenyewe. Yule mama akampa pole tena.

Hayo aliyaona kwa macho yake. Kabla ya kurudi nyumbani alikuwa mpishi kwa miaka kumi na moja katika kambi ya wawindaji upande wa Arusha. Wageni wa kule walilala kwenye vibanda vya magogo, na jioni walikula chini ya vichwa vya wanyama waliokaushwa. Kambi ilipofungwa mwaka 1973, mwenyewe aliondoka na bunduki zake, akamwachia mpishi vichwa vinne na barua yenye muhuri kwamba ni vyake kihalali. Polikarpi alivifunga kwenye magunia, akavuka navyo kwa meli ya Mwanza hadi Bukoba, na kwa miaka yote iliyofuata, vita vya Amin vikaja vikaisha, vichwa vilikaa darini kwa mama yake.

Sasa vilipata kwao. Gesti ilikuwa na vyumba vinne, na badala ya namba kila chumba kilikuwa na kichwa chake juu ya kitanda: Chumba cha Nyati, Chumba cha Kongoni, Chumba cha Ngiri na Chumba cha Pongo. Vitanda vilitengenezwa na fundi Leonidas Mbonimpa, ambaye wazazi wake walikuja zamani kutoka Burundi kuchuma kahawa. Polikarpi alimkataza kupiga randa. Alitaka matawi yabaki na vifundo vyake, yaonekane yametoka porini leo.

"Watu watasema sina randa," Leonidas alisema.

"Watasema umeheshimu mti."

Leonidas akavitengeneza, lakini alivileta kwa njia ya nyuma.

Wageni walizoea. Wanunuzi wa mazao na madereva waliokuwa wakielekea mpakani walilala humo, wakakwaruzwa na vitanda, wakaenda zao. Xaveria, mke wa Polikarpi, hakumpenda yule ngiri, na kila alipofagia chumba chake alimfunika kwanza uso kwa kanga. Zaidi ya hapo hapakuwa na tatizo kwa miaka miwili.

Kisha akaja Mzee Apolinary Rweyemamu, mkulima wa kahawa kutoka Ihembe na mzee wa kanisa la Kilutheri. Alikuja Nkwenda kumwona binti yake aliyeolewa huko, akaona si heshima kulala kwa wakwe, akaomba chumba. Ilikuwa saa kumi jioni. Polikarpi akampa ufunguo wa Chumba cha Pongo. Haikupita dakika moja, mzee akatoka, kofia mkononi, akaketi kwenye benchi la ukumbini.

"Bwana Kahigi," akasema, "humo ndani kuna mtu."

"Hamna mtu, mzee wangu. Ufunguo nimekupa mimi mwenyewe."

"Yuko ukutani."

Polikarpi akaingia kutazama. Ukutani alikuwepo pongo, pembe zake mbili zimesimama, macho ya kioo yakitazama mlango.

"Ukoo wetu muziro wake ni engabi," mzee akaeleza Polikarpi alipotoka. "Huyo mnayemwita pongo. Hatumuui, hatumli, ngozi yake hatuikalii. Ni ndugu yetu tangu hatujui lini. Kwenu muziro ni nini?"

"Kwetu ni samaki fulani."

"Basi ungemkuta samaki yule kapigiliwa misumari kwangu, ungelala?"

Polikarpi akafikiri. Samaki mwenyewe hakuwahi kumwona. Akamwambia mzee kwamba Chumba cha Kongoni kiko wazi na godoro lake ni jipya. Mzee akamtazama kama mtu aliyeambiwa ahamie meza nyingine ili asione ndugu yake anavyopigwa. Akashukuru, akachukua mkoba wake, akaenda kwa wakwe na aibu yake.

Siku ya tatu asubuhi pikapu ya kubebea kahawa ilisimama mbele ya gesti ikiwa na watu kumi na wawili. Mzee Apolinary alimshusha kwa mkono shangazi yake, Kokushubira, mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, mfupi, aliyevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa limetoka. Polikarpi akamwamkia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nionyeshe alipo."

Akaonyeshwa. Akaingia peke yake, akafunga mlango. Mara kikasikika kilio kile ambacho mtu wa kwetu akikisikia huacha jembe lilipo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe. Wanawake wa Ihembe waliketi chini ukumbini, miguu wameinyoosha. Wanaume wakakoka moto uani. Majirani waliosikia kilio wakaja na ndizi, maharage na kuni, kama inavyopasa, wala hakuna aliyeuliza nani amekufa, kwa sababu kuuliza msibani ni utovu wa adabu. Mgeni wa Chumba cha Nyati alitoka na mswaki mdomoni, akakuta watu arobaini, akarudi kuvaa shati. Leonidas alifika akamkumbatia Polikarpi kwa muda mrefu. Ni Xaveria tu, akiwa na sufuria kubwa mbili motoni, aliyemvuta mumewe kando.

"Baba, nani amefariki?"

"Pongo."

"Pongo yupi?"

"Wa chumba cha mwisho."

Xaveria akakoroga maharage. "Nilijua itakuwa mmoja wao," akasema.

Mchana kikaketi kikao. Shangazi Kokushubira alisema ndugu yao lazima azikwe. Polikarpi, akitaka mambo yaishe, akatoa sehemu ya kibanja nyuma ya jiko, kwenye migomba. Xaveria alikataa palepale. Ardhi ikishakuwa na kaburi la ukoo wa watu, alisema, kesho wajukuu wao watakuja kufyeka, kesho kutwa watakuja kupanda, na mwenye kibanja atabaki mgeni. Kokushubira akaafiki, akasema mama huyu ana akili, na kwamba yeye mwenyewe hakusafiri kuja kumwacha mtu wake ugenini. Angepelekwa Ihembe.

Leonidas akaitwa apime jeneza. Alimshusha marehemu ukutani kwa adabu, akampima na pembe zake, kisha akasimama na futi mkononi, amekwama.

"Na huu ubao aliopigiliwa?" akauliza. "Tunautoa?"

"Ubao ni wangu," Polikarpi alisema. "Ni mninga."

"Amekuwa nao miaka mingapi?" Kokushubira akauliza.

"Kumi na sita, shangazi."

"Basi aende nao."

Safari hii Leonidas hakuomba ruhusa ya mtu. Alipiga randa mpaka mbao za jeneza zikateleza kama sabuni. Kokushubira alimfunga marehemu kwa lubugo, nguo ya gome la mti aliyokuja nayo ndani ya koti la mvua. Kesho yake wakaondoka, na Polikarpi akaambiwa apande mbele, kwa sababu mtu akifia kwenye nyumba yako, wewe ndiye unayemfikisha kwao na kueleza alivyoishi.

Kule Ihembe kaburi lilikuwa limeshachimbwa kati ya migomba na kahawa. Mwinjilisti Egbert, jirani wa Mzee Apolinary, alikuwa amefika na Biblia yake, lakini alikuwa na wasiwasi. Alisema katika vitabu vyake hakuna ibada ya marehemu mwenye pembe. Wakajadiliana. Mwishowe akakubali kuwaombea waliohudhuria, bila kutaja wamehudhuria nini. Aliomba vizuri na kwa ufupi.

Kisha akaitwa Polikarpi. Alikuwa amejiandaa kwa sentensi mbili. Akavua kofia, akasema kwamba marehemu alikuwa mtulivu, hakuwa na ugomvi na mgeni yeyote. Watu wakaitikia kwa vichwa. Alikuwa anataka kuketi, mzee mmoja wa ukoo akauliza kutoka nyuma, bila ubaya wowote, "Na mwili wake uko wapi?"

Polikarpi angeweza kusema hajui. Njiani kote alikuwa ameshikilia jeneza magotini lisirushwe na mashimo ya barabara, na mikono ilikuwa bado inamuuma. Akajikuta anasema.

Alisema ilikuwa asubuhi, mwaka 1972. Mgeni mmoja mwenye viatu vipya alimpiga pongo yule karibu na kijito alipokuja kunywa. Walipomleta kambini alikuwa bado anapumua. Mgeni alitaka apigwe picha naye kwanza, na picha ilichukua muda kwa sababu jua lilikuwa upande mbaya. Halafu akaitwa mpishi aje na kisu.

"Alinitazama," Polikarpi alisema. "Si kama anavyotazama sasa. Haya macho ya kioo walimwekea baadaye. Mgeni alichukua picha tu. Kichwa alikisahau, na mwili hakuutaka. Nyama tuligawana sisi wafanyakazi. Maini niliyakaanga mimi, na kitunguu."

Mwinjilisti Egbert alifunga Biblia. Vijana wa ukoo walitazamana, na Mzee Apolinary akatazama jembe lililokuwa karibu naye, kisha akatazama kando.

Shangazi Kokushubira ndiye aliyesema.

"Alikuwa mtamu?"

"Ndiyo, shangazi. Mtamu sana."

"Hatukuwa tunajua," akasema yule mama taratibu. "Miaka yote hiyo. Hatukuwa na mtu wa kumuuliza."

Wengine wakarudia kwa sauti za chini: hatukuwa tunajua. Na Polikarpi, ambaye hakulia mama yake alipokufa kwa sababu wanaume walikuwa wengi, akalia pale mbele ya watu, kofia usoni. Hawakumpiga wala kumtoza kitu. Walimwambia abaki pale siku tatu akae na wafiwa. Alikaa, akala ndizi zao, akanywa pombe yao ya rubisi, na siku ya mwisho akasaidia kupalilia kahawa.

Aliporudi Nkwenda aliwashusha waliobaki. Alitangaza sokoni kwamba ukoo wowote wenye ndugu kwake uje. Kwa miezi miwili alikuja mtu mmoja tu, kutoka Kituntu, akidai ngiri ni wa kwao. Xaveria alimkaribisha, akamwomba aonyeshe wanavyolia msibani kwao. Yule bwana alikohoa mara mbili, akatazama meno ya ngiri yalivyo makubwa na meupe, akaaga. Nyati, kongoni na ngiri wakazikwa nyuma ya jiko, kwa idhini ya Xaveria, kwa kuwa hawakuwa na wajukuu wa kuja kufyeka. Leonidas alirudi na randa yake, akavilainisha vitanda vyote vinne kwa siku moja, bila kuombwa. Misumari mikubwa ikabaki ukutani, na wageni wakagundua inafaa kutundikia makoti.

Mwaka uliofuata, mvua za vuli zilipoanza, Xaveria alimwita mumewe kutoka jikoni. Pongo dume alikuwa ameingia kwenye shamba la maharage, mzima, mgongo umelowa, anakula machipukizi mstari kwa mstari.

"Kamfukuze," Xaveria alisema, akampa fimbo.

Polikarpi akaenda. Alisimama hatua kumi hivi kutoka kwake, fimbo ameificha nyuma, akaona haya hata kukohoa. Pongo aliinua kichwa, akamtazama huku akitafuna, akaendelea. Alimaliza mstari wa tatu, akaingia wa nne. Mvua ilikuwa inamlowesha Polikarpi mabegani, na maharage yale alikuwa ameyapanda kwa mkono wake. Aliposhiba, mnyama akageuka, akaruka ua, akapotelea kwenye nyasi ndefu upande wa mlimani.

Polikarpi akarudi jikoni, akaegemeza fimbo mlangoni.

"Umemfukuza?" Xaveria akauliza.

"Tumeagana," akasema, akaketi karibu na moto akaushe shati.