Chaji ya Kulwa na Doto

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Consolatha alimshika binti yake Kulwa mkono wa kushoto, akakipangusa kioo cha saa kwa pindo la khanga, akasoma. Asilimia sabini na sita. Kulwa alikuwa bado anakunywa uji. Consolatha akamvua ile saa, akaivaa yeye, akakaa kwenye kigoda mpaka ikafika themanini na mbili. Akamrudishia. Kisha akashika ukuta ili aweze kusimama, akamfuata Doto, naye akamsoma.

Hivyo ndivyo kulivyokuwa kunakucha pale nyumbani kwao Ipuli tangu msimu wa tumbaku ufunguliwe. Mapacha hao walikuwa wakifanya kazi kwenye ghala moja lililo kando ya njia ya zamani ya misafara, kuchambua majani na kubeba marobota. Pale getini mfanyakazi haingii kama saa yake iko chini ya themanini. Anarudishwa nyumbani, na ile saa inazidi kushuka huko huko nyumbani, na mwenye saa anashuka nayo.

Mwanzoni aliyepata kazi ni Kulwa peke yake. Msimamizi wa ghala, Bwana Luhende, aliwagawia wafanyakazi saa hizo bure. Alisema ni saa janja, zinahesabu hatua na mapigo ya moyo, na ni kwa faida ya afya zao. Kulwa akarudi nyumbani anang'aa mkono. Wiki haikuisha, Doto, ambaye siku hizo alikuwa anajifunza cherehani Isevya, akaanza kulalamika mkono wake wa kushoto unauma. Walipoutazama wakakuta alama ya mkanda wa saa, imezunguka vizuri kabisa, na hajawahi kuvaa saa tangu azaliwe.

Shangazi yao Recheli hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mapacha ni mapacha. Ukimnunulia Kulwa gauni, Doto naye gauni. Ukimpa Doto kipande cha muhogo, unamkatia na Kulwa. Mama anayempa mmoja akamwacha mwenzake anajitafutia ugonjwa ndani ya nyumba.

"Umempa mmoja," Recheli alimwambia Consolatha. "Kaombe ya pili kabla mtoto hajalala kitandani."

Consolatha akachukua kuku jike, akaenda ghalani. Luhende alimwamkia shikamoo kwa heshima, akamsikiliza mpaka mwisho, akavuta droo, akatoa saa nyingine. Akaandika jina la Doto kwenye daftari. Consolatha akaipokea kwa mikono miwili huku amepiga goti, akashukuru sana. Mzazi akipewa kitu cha bure na mwenye ghala, kitu cha kwanza aulize kinarudishwaje. Consolatha hakuuliza.

Mkono wa Doto ukapona siku ile ile. Jumatatu ukaja ujumbe kwamba aliyeandikwa daftarini aripoti kazini. Doto akakiacha kitambaa cha watu kimeshonwa upande mmoja, akaenda.

Ndani ya boksi la kila saa mlikuwa na waya wa kuchajia. Consolatha aliuchomeka kwenye umeme kutwa nzima, namba haikusogea. Akaipeleka saa ya Kulwa kwa Mussa, fundi simu wa Gongoni. Mussa akaigeuza, akaivaa mwenyewe. Ilikuwa thelathini na nne. Ilipofika thelathini na sita akakaa chini, akaagiza chai yenye sukari nyingi.

"Saa ni nzima, mama," alisema. "Hii haichajiwi na umeme, inachajiwa na mtu. Nimeshaletewa tatu wiki hii."

Hakumdai chochote.

Walijaribu kuzifungia sandukuni. Siku ya pili wale mabinti wakalala wanatazama bati, hata jina la mama yao hawawezi kulitamka. Consolatha akafungua sanduku, akakuta saa zinasoma asilimia kumi na moja, akavaa zote mbili, akawapandisha mpaka wakaomba maji. Tangu hapo hakuna aliyetaja tena sanduku.

Zile chaji zilikuwa zinakwenda wapi, kila mtu Tabora alijua. Umeme ulipokatika mji mzima siku nne, mafeni ya ghala yaliendelea kuzunguka na taa zake kuwaka, na genereta pale hakuna. Watu wa Ipuli walipita, wakaona, wakaendelea na safari zao. Mwezi wa tatu wa kazi saa ya Kulwa ikawa imehesabu hatua za kutosha kufika Bagamoyo na kurudi, ingawa hakuwahi kutoka Tabora. Jioni moja alipovua viatu, mchanga mweupe wa pwani ulimwagika sakafuni. Consolatha akaufagia. Babu wa babu yao aliwahi kuwa mpagazi kwenye njia hiyo hiyo, na huyo walau jioni alikuwa anatua mzigo.

Ndipo Consolatha akaenda kuuliza lile swali. Luhende akamwamkia, akamwekea kiti. Akamweleza kwamba saa inapokelewa na jina linafutwa, hakuna tatizo lolote, mradi iwe imejaa. Mia kwa mia, kama ilivyotolewa.

Jumapili, baada ya misa, wasichana wakalazwa mkekani wasitembee. Consolatha akavaa saa moja huku, nyingine huku. Mama Najiat, jirani yao, alimaliza kuswali adhuhuri akaja, akanyoosha mkono, akachangia nne. Recheli alichangia tatu pamoja na kikohozi chake, akasema angeongeza ila macho yanamwingia kiza. Zilizobaki zote zilitoka kwa Consolatha. Kulipokucha Jumatatu alitazama mara moja tu. Mia. Na ya pili, mia.

Hakuwaacha watembee. Aliita bajaji, akamwomba dereva aende polepole, akawaambia wanawe waweke mikono mapajani kama waliobeba mayai. Yeye mwenyewe miguu haikuwa na nguvu tena. Dereva ndiye aliyemshusha getini.

Luhende akaushika mkono wa Kulwa. Kioo kilikuwa cheusi. Akakigusa kwa kidole, kikawaka.

"Tisini na tisa," akasema. Akagusa cha Doto. "Tisini na tisa."

"Nyumbani zilikuwa mia, baba. Nimeona kwa macho yangu."

"Nakuamini, mama. Kukiwasha kioo kunakula moja."

"Basi usikiwashe."

"Nisipokiwasha sioni imejaa." Hakusema kwa ubaya. Mwenyewe alikuwa na yake, kaificha chini ya mkono wa shati, na alipoinama kuandika ikaonekana inasoma ishirini na mbili. Wasimamizi hawasimami getini kukaguliwa. "Mkipata mia hapa zinaposomwa, leteni tu. Daftari lipo. Ila kwa kazi, hizi zinatosha kabisa. Piteni, wanangu."

Kulwa akamtazama mama yake. Doto naye akamtazama. Mama yao akawapungia wapite, wasije wakachelewa bure, wakapita. Ndani taa zikazidi kung'aa kidogo.

Kando ya geti lilikuwapo benchi refu, na akina mama wamekaa, kila mmoja na chupa yake ya uji. Consolatha alilifikia kwa kushika ukuta.

"Wako wamefika ngapi?" mmoja akamuuliza.

"Tisini na tisa. Wote wawili."

"Wangu tisini na nane," yule mama akasema. Akasogea, akampa nafasi. "Hongera."