Fomu ya Waliolala

"Wagonjwa na jamaa zao wanatangaziwa kwamba kandambili za chumba cha kuzindukia ni mali ya hospitali, na kuanzia leo hazitavaliwa nje ya mlango huu."

Tangazo lilibandikwa asubuhi, likiwa na mhuri. Kufikia alasiri lilikuwa limetiiwa kupita kiasi: kandambili zote zilifungiwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa kikaoni.

Kitanda cha pili alilala fundi cherehani. Alipasuliwa ngiri saa nne kwa ganzi ya mgongo, macho yakiwa wazi. Saa saba mguu wa kushoto uliamka. Wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani, ulibaki gogo.

Kanuni ya kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani ilikuwa nyepesi. Aliyelazwa usingizi huulizwa jina, siku na mahali alipo. Aliyepigwa ganzi ya mgongo hutembezwa hadi mlangoni. Lakini sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, na peku hakuna anayeruhusiwa kutembea. Muuguzi, ambaye zamu yake ilikuwa inaisha saa kumi, akachukua fomu ya waliolala.

"Jina, baba?"

Akalitaja.

"Leo siku gani?"

"Jumanne."

"Uko wapi?"

"Mikononi mwenu," alidakia mkewe. "Sista, uulize na mguu basi."

"Mama, mguu hauna mdomo. Ganzi huisha polepole."

"Kama hauna mdomo, uamrishe uinuke. Pengine una masikio."

"Maswali yote yamejibiwa. Wengine hapa hata majina yao hawayajui."

"Wao walilala, sista. Huyu alikuwa macho tangu asubuhi!"

Muuguzi aliweka alama ya mwisho. Fundi alisukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye teksi, akiwa amefaulu mtihani usio wake.

Kesho yake alirudishwa. Daktari alimdunga sindano kwenye kidole gumba cha mguu. Fundi, aliyeishi na sindano miaka thelathini, aliitazama ikizama kana kwamba inaingia kwenye kitambaa cha mteja.

"Damu imevilia mgongoni, imekandamiza neva," daktari alisema. "Hili huwahiwa ndani ya saa chache. Mngemleta jana."

"Jana alikuwa hapa," mkewe alisema.

Fundi aliuliza jambo moja tu: "Mguu utakanyaga tena?"

Daktari aliandika kitu, kirefu kuliko jibu.

Ijumaa kamati ya hospitali ilikutana. Baada ya kulitafakari suala hilo kwa kina, iliazimia kwamba kandambili zote zitiwe namba, na ufunguo wa kabati uchongewe nakala ya pili.